Mwalimu na Kichuma Chake cha Ngazi

Hakuwahi kupima kitu asichokijua kabla ya kupima kitu anachokijua. Hiyo ndiyo habari yake ya kwanza, na msomaji mwenye haraka anaweza kuishia hapo, maana mengine yote yanatoka humo. Ndani ya mkoba wake, katikati ya leso, miwani na peremende za kikohozi, mlikuwa na kipande cha chuma kilichochongwa ngazi-ngazi, kila kidato na unene wake unaojulikana. Alikivisha soksi ya mtoto, ya manjano, ili kisishike kutu. Kabla ya kugusa bomba, tangi au boila ya kuchemshia maji ya mvuke, alikivua soksi, akakipaka jeli, akakiwekea probu ya mashine yake, kile kidude kinachotoshana na kizibo cha soda, kisha akasubiri tarakimu. Mashine ikisema kweli juu ya kichuma, aliiruhusu iseme juu ya bomba. Isiposema kweli, hakuna kazi.

Sisi tuliokuwa chini yake tulimwita Mwalimu. Alifundisha uhandisi katika chuo kimoja hapa Nakuru na akafanya utafiti wa ultrasound miaka yote niliyomjua, na mimi nilikuwa fundi wake wa maabara: nilibeba mashine, nilichomelea vyuma vya majaribio, niliosha vikombe vya chai, na mara nyingi nililaumiwa kwa makosa ya umeme. Baadaye nilisomea ukaguzi na kupata cheti changu mwenyewe. Lakini hata leo, mtu akiniuliza kazi yangu ni nini, jibu linalonijia kwanza ni kwamba mimi ni fundi wa Mwalimu.

Ultrasound aliieleza hivi kwa wanafunzi wapya. Ni sauti iliyo juu kupita uwezo wa sikio. Unaituma ndani ya chuma, inagonga ukuta wa upande wa pili, inarudi. Ukijua imetumia muda gani kwenda na kurudi, umejua chuma kina unene gani, bila kukikata wala kukitoboa. Na kama njiani kuna ufa, mwangwi unarudi mapema kabla ya wakati wake.

"Ni kubisha hodi tu," alisema. "Unabisha, halafu unanyamaza usikie nani anaitikia. Shida yenu vijana ni kwamba mnabisha na kuingia."

Mimi alinipenda kwa sababu ya babu yangu. Babu alikuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kutega sikio. Gurudumu zima hulia, gurudumu lenye ufa hukohoa. Mwalimu aliposikia hivyo alinikalisha chini akanihoji mpaka chai ikapoa. Nyundo ilikuwa na mpini mrefu kiasi gani? Aligonga wapi? Alisikiliza kwa sikio la kulia au la kushoto? Nikamwambia babu alishakufa. Akasema kwa uchungu wa kweli, "Basi nimempoteza mwenzangu kabla sijamjua." Tangu hapo, kila nilipokosea jambo, alitikisa kichwa na kusema, "Na babu yako alikuwa na masikio!"

Usidhani alikuwa mtu wa vipimo katika kila kitu. Nyumbani kwake hapakuwa na saa inayosema kweli. Chumvi alitupia kwa kiganja, na ugali wake siku moja ulikuwa jiwe, siku nyingine uji. Garini aliendesha katikati ya barabara kama mwenye shamba, na madereva wa malori walipompigia honi aliwapungia mkono kwa furaha akidhani wanamsalimia. Kanisani aliomba kwa sauti ndefu isiyo na kituo mpaka pasta akalazimika kusema amina kwa niaba yake. Wanafunzi aliwafelisha kwa kosa la nukta moja, lakini vijana wa gereji za mtaani, ambao hawakuwahi kumwita hata Dokta, aliwatengenezea beseni la kusafishia nozeli za dizeli, vile vidomo vinavyorusha mafuta ndani ya injini, kwa mawimbi ya sauti. Ukitumbukiza nozeli, maji yanachemka bila moto na uchafu unatoka wenyewe. Akawaachia, asirudi kulidai. Nilipomkumbusha kwamba lile beseni ni mali ya maabara, alinikazia macho. "Maabara ni wapi?" akauliza. "Pale linapofanya kazi ama pale linapokaa?" Nilijua ni mimi nitakayeandika ripoti ya kifaa kilichopotea.

Huko Molo, ambako tulikwenda kila mwaka kukagua boila ya kiwanda cha maziwa cha ushirika wa wakulima, habari zilienea kwamba kuna daktari wa kike mwenye mashine ya ultrasound. Asubuhi moja tulimkuta mama mmoja getini, mwenye sweta nzito na tumbo la miezi mingi, ameshika kadi yake ya kliniki.

"Daktari, niangalilie tu kama ni kijana."

"Mathe, mashine yangu inajua chuma peke yake," Mwalimu akamwambia kwa upole. "Nenda kliniki, usichelewe."

Yule mama hakuondoka. Alifikiri kidogo, akasema, "Na viazi je, inaweza? Zangu zimerudishwa na lori. Wamekata tatu, wakapata shimo ndani, wakakataa gunia zote."

Mwalimu akageuka, akanitazama. Nilijua miaka yangu kadhaa imeshapangwa.

Ni kweli kwamba kiazi kikikua kwa pupa, mvua ikija nyingi baada ya kiangazi, huacha tundu moyoni huku nje kikiwa kizuri ajabu. Mnunuzi hana njia ya kujua ila kukata vichache, na vikiwa na tundu, mzigo wote hurudi. Mwalimu alitaka kumpa mkulima kifaa cha kubisha hodi kwenye kiazi. Tulijaribu kwa miaka. Maabara ikanuka udongo na ukungu, wenzetu wakaanza kutuita watu wa chipsi, na sisi tukaendelea. Na tulifaulu! Tulitambua viazi vyenye tundu bila kuvikata, kimoja baada ya kingine, na siku hiyo Mwalimu alicheza, nimemwona kwa macho yangu, na koti lake jeupe la maabara.

Halafu tukapeleka kifaa Molo. Sauti ile haipiti kwenye hewa. Inahitaji unyevu kati ya probu na ngozi, na udongo mkavu ni hewa tupu. Kwa hiyo maabarani tulikuwa tunaosha viazi, kila kimoja, bila hata kufikiri. Kule shambani, kiazi kilichooshwa kikirudishwa kwenye gunia kinaoza kabla ya kufika sokoni. Kila mtoto wa Molo anajua, na Mwalimu mwenyewe alijua, kwa kuwa amekula viazi maisha yake yote. Tulisahau tu kwamba tunaosha. Alirudi chuoni akasimama mbele ya idara nzima, akasema, "Imefaulu maabara, imefeli shamba. Yaani imefeli." Akaketi. Nilimheshimu zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa ile ngoma.

Alikuwa na misemo, na wanafunzi waliigeza sauti yake wakiitamka. "Hewa ni ukuta." "Asiyepaka jeli anajisikia mwenyewe." Lakini wa kwanza kabisa, ulioandikwa kwa chaki juu ya mlango na kuandikwa upya kila mfagiaji alipoufuta, ulikuwa huu: Jibu baya liamini, jibu zuri lipime tena.

Aliutumia hata kwa watu. Kwetu huku ukimwuliza mtu hali, jibu ni sawa. Aliyevunjika mguu atakwambia niko sawa, ni mguu tu. Mwalimu hakulikubali jibu hilo kamwe. Wiki aliyolazwa baba yangu, wakati tulipokuwa tumeshaambiwa hatarudi nyumbani, nilifika kazini kama kawaida, nikasalimia, nikaulizwa hali, nikasema niko sawa. Akaendelea kufuta meza. Kisha akasimama mbele yangu, akauliza tena kwa sauti ileile, bila kuongeza hata neno la kubembeleza: "Uko sawa?" Nililia mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alinishika bega na kunisubiri nimalize, kisha akanirudisha hospitali kwa gari lake, katikati ya barabara, malori yakipiga honi njia nzima.

Yeye mwenyewe, hata hivyo, ukimwuliza alijibu sawa, na ole wako uulize mara ya pili.

Kwa nini hakuliamini jibu zuri, nilikuja kujua kwa sababu ya safari zake za Naivasha. Kila Krismasi ilipokaribia alinunua unga, sukari na shuka jipya, akashuka Naivasha kumwona mzee mmoja aliyekuwa fundi wa bomba. Mwaka mmoja gari lake lilikataa kuwaka, nikampeleka mimi. Mzee yule alikuwa na upande mmoja wa uso uliokunjamana na mkono usionyooka, na mdomo uliojaa mzaha. "Mhandisi wangu amekuja!" alisema. "Leo umenipima, nimenenepa?" Mwalimu alicheka, tukaaga, tukashika njia ya kurudi mpaka tukapita Gilgil. Hapo ndipo akanieleza.

Alipokuwa kijana, katika kiwanda ambacho siku hizi hakipo, alipima bomba la mvuke. Mashine ikasoma unene mzuri, akaweka sahihi. Kumbe chuma kikikonda kupita kiwango fulani, mwangwi wa kwanza hurudi upesi mno, mashine inaukosa, inaushika wa pili. Basi inasoma unene mara mbili ya ulivyo. Bomba lililobaki kama ganda la yai likajionyesha kuwa nene na zima. Siku chache baadaye likapasuka, na yule fundi alikuwa amesimama pale.

"Alinisamehe hospitalini, hata bandeji hazijatolewa," Mwalimu alisema. "Mimi sikutaka. Nilitaka aniulize kwanza nilifanya nini."

Nikaendesha.

Sasa nije kwenye habari ya maziwa, ambayo Molo hawajaisahau. Mwaka mmoja pale Molo, boila ikiwa imezimwa kwa ukaguzi, alipima kona ya bomba kuu la mvuke. Mashine ilikuwa imesema kweli juu ya kichuma cha ngazi. Bomba nalo likasoma vizuri, tena vizuri kuliko mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja nyaya.

"Rudisha," akasema. "Bomba halinenepi."

Alihofia ule mwangwi wa pili. Probu ndogo ya kupimia vyuma vyembamba, ambayo ingemaliza ubishi, ilikuwa imeharibika, na ya kuazima haikupatikana Nakuru. Akaamuru bomba likatwe na boila isiwashwe. Meneja alimsihi, akasema wakulima wanaleta maziwa na hakuna pa kuyapeleka bila mvuke. Mwalimu hakuinua sauti. "Usiwashe," alimwambia mtu wa boila, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusimama mita chache kutoka kwenye ile kona. "Mimi nimesema usiwashe."

Maziwa ya jioni yakarudi na wenyewe. Ya asubuhi yakamwagwa kwenye mtaro nje ya geti, na mbwa wa mji mzima wakashiba. Bomba likakatwa. Lilikuwa zima, nene, safi kama lililotoka dukani. Kipimo cha mwaka uliotangulia ndicho kilichokuwa na kasoro.

Mtu mwingine angejificha nyuma ya barua. Yeye alikwenda kwenye mkutano wa wakulima, akasimama mbele yao na lile koti lake jeupe, akasema, "Nilikosea. Bomba lilikuwa zima. Maziwa yenu yalimwagika kwa sababu yangu."

Sauti ikatoka nyuma. "Na mwakani ukiona vile, utado nini?"

"Nitazima tena."

Kelele zilizofuata sizielezi. Walitaka aletwe mkaguzi mwingine, mtu wa maana, mwanaume. Ndipo yule mtu wa boila akasimama, akavua kofia yake. "Nyinyi mnalia maziwa, sawa, hata mimi niko na ng'ombe," akasema. "Lakini ni mimi husimama hapo. Wacheni huyu mathe arudi." Akarudi, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya kustaafu. Wakulima walewale wakawa hawamtaki mwingine.

Alipostaafu alihamia Kabazi, kwenye shamba lake dogo la mahindi na maharagwe lenye ng'ombe mmoja. Mume alikuwa amefariki zamani na binti yake alikuwa Kisumu na familia yake. Msimu wa ukaguzi ulipofika, nilimfuata kwa gari, tukapanda Molo pamoja, yeye akipima, mimi nikiandika. Binti alinipigia simu mara kwa mara. "Mama yuko fiti kabisa," alisema. "Anaongea kama redio!" Na mimi nilikubali, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Nilimtembelea mwaka jana, akanisimulia habari ya viazi kwa ustadi ambao hakuwahi kuwa nao chuoni. Alimwigiza yule mama wa getini, alinyamaza mahali pa kunyamaza, akamalizia na ile ya imefaulu maabara imefeli shamba. Nilicheka mpaka machozi. Tukanywa chai. Akaweka kikombe chini, akasema, "Sijui kama niliwahi kukuambia habari ya viazi," na akaanza tangu mwanzo, maneno yaleyale, vituo vilevile. Nikacheka tena, kwa adabu.

Nilirudi mjini nikiwa na kitu kinachonikwaruza na nisijue ni nini. Mwalimu niliyemjua alikuwa msimuliaji mbaya. Alisita, alijirekebisha, alirudi nyuma kutafuta neno. Huyu wa Kabazi hakusita hata kidogo, na alikuwa hodari kuliko alivyowahi kuwa. Karibu na Bahati nikapunguza mwendo, maana nilikuwa nimesikia sauti yake ikiniambia bomba halinenepi. Niliogopa, na nilijiambia ni uzee tu, kila mtu anarudia hadithi.

Mwaka huu tulikwenda Molo kama kawaida. Kulikuwa na baridi ya kule, ya kuingia mifupani, na boila ilikuwa imezimwa tangu jana yake. Meneja ni mpya, kijana mpole. Mtu wa boila ni yuleyule na kofia yake. Mwalimu aliwasalimia wote, akawatania, akamwuliza mtu wa boila kama bado analia maziwa. Kisha akavaa koti lake, akapaka jeli kwenye kona ya bomba, akaweka probu.

Nilisimama na kalamu. Nilisubiri mkono wake uende kwenye mkoba, na haukwenda. Tarakimu zikatokea. Akazitazama, akatabasamu.

"Nzuri," akasema.

Hata nikiishi miaka mia sitasahau alivyolitamka neno lile, kwa wepesi, kama mtu yeyote.

"Dokta akisema nzuri, mimi nawasha," mtu wa boila akasema, akaenda kwenye swichi zake.

"Mwalimu," nikasema, "tupime tena."

"Kwa nini? Si umeona mwenyewe?"

"Tupime tu."

Akanikazia macho, na macho yale yalikuwa makali kama zamani. Meneja alitazama ukutani. Kichwani nilijua la kusema, lakini kulisema mbele ya watu wanaomheshimu kuliko mbunge wao, hilo sikuliweza. Basi nikafanya jambo ambalo mtu aliyelelewa vizuri hafanyi: nikatia mkono ndani ya mkoba wa mama mtu mzima. Nikapapasa leso, miwani, peremende. Nikatoa ile soksi ya manjano, nikaivua, nikakiweka kichuma cha ngazi kwenye kiganja changu na kukinyoosha mbele yake. Kilikuwa kikavu. Hakikuwa na hata alama ya jeli.

Akapitisha kidole juu ya vidato vyake.

"Sijakigusa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Bado, Mwalimu."

"Hata hapo mwanzo?"

"Hata hapo mwanzo."

Akakichukua. Akakipaka jeli. Akaweka probu juu ya kidato cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na kila kidato mashine ikakisoma kuwa kinene kuliko kilivyo. Probu ilikuwa imechakaa, basi. Jambo la kawaida ambalo lingerekebishwa palepale.

"Usiwashe," akamwambia mtu wa boila, kwa sauti ileile ya mwaka wa maziwa. Halafu akanigeukia. "Mashine ikisoma zaidi ya ukweli inafanywa nini?"

Hilo ni swali la mtihani wa kwanza. Alinifundisha mwenyewe.

"Inawekwa chini, Mwalimu. Haifanyi kazi tena mpaka ipimwe."

"Basi."

Akavua koti lake jeupe, akalikunja, akaenda kuketi juu ya kreti ya maziwa iliyopinduliwa karibu na mlango, mikono mapajani. "Pima wewe," akasema. Meneja alidhani amechoka na akatuma aletewe chai. Mtu wa boila alitutazama sisi wawili, akavua kofia, akaivaa tena. Nafikiri alielewa.

Nikabadilisha probu. Nikaanza na kichuma, kidato kwa kidato, na macho yangu hayakuwa yanaona vizuri. Nikapima kona, nikapima tena, nikatumia probu ndogo ili pasiwe na mwangwi wa pili. Bomba lilikuwa zima. Nikaenda kuchuchumaa mbele yake, nikamwambia lilikuwa zima, Mwalimu, hata ungeacha lisingedhuru mtu.

"Hiyo ni bahati," alisema. "Bahati si kipimo."

Tulipofika Kabazi jua lilikuwa bado juu, na ng'ombe alikuwa akilia kwa njaa zizini, kitu ambacho zamani kisingetokea. Nilimkatia majani kwanza. Kisha nikamsindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa amekirudisha kichuma kwenye soksi yake na kunipa pamoja na mashine na lile koti, na mkoba wake ulining'inia mwepesi begani.

"Uko sawa, Mwalimu?" nikamwuliza.

"Niko sawa."

Nikasimama. Nilikumbuka alivyosimama mbele yangu siku ile ya baba.

"Uko sawa?"

Alicheka kidogo, akafuta macho kwa upande wa kiganja. "Umefundishwa vizuri," akasema. "Lakini hilo swali ni baya. Jibu lake ninalo tayari mdomoni, litatoka tu. Ukija siku nyingine usiniulize kama niko sawa. Niulize nilikula nini asubuhi."

"Ulikula nini asubuhi, Mwalimu?"

Akafungua mdomo. Akatazama mlango, akatazama shamba la mahindi, akanitazama mimi niliyemfuata asubuhi ileile na kunywa uji naye mezani kwake. Hakuwa na haraka. Alilitafuta jibu kwa uaminifu, mahali pote, kama alivyotafuta ufa siku zote.

"Sijui," akasema.

Nikamshika mkono, tukaingia ndani, nikabandika maji ya uji, na nilipopata nafasi nikampigia binti yake simu.